Tupeane uzoefu: namna ya kuuweka uso katika picha za pasipoti na viza

Ndugu wanajukwaa, nina studio ndogo ya picha hapa Arusha, na ninaomba tupeane uzoefu kuhusu uso unaotakiwa katika picha za hati rasmi.

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), unaofuatwa na nchi nyingi, unataka uso wa kawaida, macho yakiwa wazi na mdomo ukiwa umefungwa. Katika pasipoti za kielektroniki, ikiwemo ya kwetu iliyozinduliwa Januari 2018, picha huhifadhiwa ndani ya chipu ili mashine iweze kuilinganisha na uso wa msafiri, na mtu anapocheka mashavu hupanda, macho hupungua na mdomo hubadilika umbo. Marekani huvumilia tabasamu la kawaida, ingawa tangu Novemba 2016 haipokei picha za viza zenye miwani, isipokuwa kwa sababu za kitabibu.

Kinachonisikitisha ni kwamba wateja wakikatazwa kucheka, hununa. Juzi alikuja bibi mmoja kutoka Usa River, akakunja uso kana kwamba yuko msibani. Nilimwomba ameze mate, ashushe mabega, kisha atoe pumzi taratibu puani. Midomo ikakutana yenyewe bila kubanwa, paji la uso likalainika, ndipo nikapiga. Binti yake alipoiona alisema, "Huyu ndiye mama." Naamini kila mpiga picha anawajibika kumtuliza mteja kabla ya kugusa kamera.

Mchangiaji, Moshi: Sisi tulimpiga picha mwanetu mchanga kwa ajili ya pasipoti ya Uingereza, ambako mtoto wa chini ya miaka 6 halazimiki kutuliza uso, na wa chini ya mwaka 1 halazimiki hata kufumbua macho. Tulimlaza juu ya shuka lisilo na maua, baba yake akamshikilia kichwa bila mkono kuonekana.

Mchangiaji, Arusha: Meno yangu ya mbele yametokeza, hivyo midomo yangu haikutani nikiwa nimetulia. Mpiga picha mmoja alinishurutisha niibane hadi kidevu kikajikunja, nikawa sifanani na nafsi yangu. Naomba wenye hali kama yangu waeleze walivyosaidiwa, na mwenye studio atuambie yeye angefanyaje.