Chinchila wa binti yangu hajala tangu jana, na nadhani mi ndo nimeharibu

MamaZuu
Habarini wapendwa, naombeni msaada wa haraka kama kuna mtu humu amewahi kufuga chinchila. Tuko Houston, mi mwenyewe hata jina la huyu mnyama nlikuwa silijui mpaka mwezi wa tatu, jirani yetu alikuwa anahamia jimbo jingine akamwachia Zuu mnyama na kizimba chake na vikorokoro vyote, mtoto akalia mpaka nikakubali. Ni kama panya kavalishwa koti la manyoya, masikio makubwa, mkia kama wa kindi. Zuu kamwita Moshi kwa ajili ya rangi. Mama yangu alivyomuona kwenye video kutoka Tanga akasema kumbe nimempeleka mjukuu wake Marekani akafuge panya buku.

Sasa juzi AC ikafa mchana, fundi kaja jana alasiri, humu ndani ilikuwa tanuri. Nikamkuta Moshi kalala ubavu, masikio mekundu, anahema harakaharaka. Nikaona huyu joto litamuua, nikambeba nikamuogesha maji ya baridi kwenye sinki, na sabuni ya mtoto kidogo maana alikuwa ananuka mkojo. Kweli akasimama, ila manyoya hayakauki, saa nane usiku bado mbichi shingoni na tumboni. Tangu hapo hajala kitu. Hata zabibu kavu ambazo huwa anazipora mkononi kwa Zuu kageuza uso. Vinyesi vyake kawaida ni kama punje za mchele, leo nimeona vitatu tu, vidogo vimesinyaa. Nisubiri ajitulize au nimpeleke hospitali? Ile ya mbwa na paka niliyopiga simu wamesema aina hii hawatibu.

Mzee_wa_Mbagala
Pole sana dada. Ila nisiwe mnafiki, huku kwetu huyo angeshawekewa sumu zamani 😂😂

BabaRukia
Wacha utani mkuu, mtoto wa watu analia. MamaZuu hiyo ni baridi imemuingia, si umemlowesha? Hapo ndani lazima una amoksilini ya mtoto, mpe matone mawili matatu kwenye kijiko. Mi nafuga kuku na mbuzi, dawa ni dawa.

Hidaya_Hamburg
MamaZuu kama hujampa hiyo amoksilini USIMPE!!! Samahani kaka BabaRukia najua umesema kwa nia njema ila dawa za jamii ya penisilini kwa mdomo zinaua chinchila, sio mchezo. Tumboni mwake ana bakteria wanaomsagia nyasi, ukiwaua hao wanabaki wabaya wanajaza sumu, mnyama anakwenda siku mbili tatu tu. Sungura na simbilisi nao ni hivyohivyo.

Mi ninao wawili hapa Hamburg, mwaka wa tisa huu, kwaiyo niruhusuni niseme marefu.

La kwanza, usisubiri, mpeleke leo. Chinchila asiyekula na asiyekunya ni dharura, kwa sababu utumbo wake haupaswi kusimama hata kidogo, ukisimama gesi inajaa na yeye hawezi kutapika wala kucheua. Piga simu uulize "daktari wa wanyama wadogo wasio mbwa wala paka", wanaotibu sungura na kasuku, mji mkubwa kama huo hawakosekani, na uliza wazi kama anajua chinchila. Beba vile vinyesi vitatu kwenye karatasi, atataka kuviona. Na usijipe moyo kwamba mbona anasimama, huyu ni mnyama wa kuliwa na mbweha na bundi huko kwao, anaficha ugonjwa mpaka nguvu ya kuficha imwishie.

La pili ni hayo maji. Kwao ni milima ya Chile, kukavu, baridi, mawe matupu. Manyoya yake yamesongamana mno, kwenye tundu moja la ngozi ambapo sisi unatoka unywele mmoja au miwili yeye zinatoka zaidi ya hamsini. Ndo maana hata viroboto hawapendi kukaa humo, na ndo maana maji yakiingia hayatoki, ngozi inabaki mbichi, fangasi anaota. Mkaushe na taulo kavu na chumba kikavu, usimpulizie drayer ya moto. Yeye anaoga vumbi, unga laini kabisa wa mawe ya volkano, unamuwekea kwenye bakuli zito mara mbili tatu kwa wiki dakika kumi hivi, atajibiringisha mpaka ucheke. Mchanga wa ufukweni hapana, unamkwaruza.

Na harufu ya mkojo ni ya kizimba, sio yake. Chinchila mwenyewe hana harufu ya maana, safisha mbao na badilisha matandiko.

Joto sasa. Ikipita digrii 25 kaa chonjo, kwa kipimo chenu ni kama 77. Feni haimsaidii kitu maana hatoi jasho, unampulizia upepo wa moto tu. Masikio mekundu ndo kengele yake. Siku nyingine AC ikifa, mpeleke kwenye gari yenye AC au kwa jirani, na muwekee kipande cha marumaru kilichokaa kwenye friji akilalie mwenyewe akitaka. Kumchovya kwenye maji ya baridi ghafla ni mshtuko juu ya mshtuko.

Zabibu ngapi kwa siku kwanza?

MamaZuu
Asante Hidaya, sijampa amoksilini, ilikuwa tayari mkononi nakwambia, kijiko nimeshakitoa. Nimepata daktari, saa kumi na moja leo, ni dakika 50 kwa gari.

Zabibu... Zuu anasema "chache mama", nimemkazia kumbe ni kiganja. Na karanga. Na juzi kamuongezea kipande cha ndizi. Na nikiri jingine, jirani aliacha kopo la unga wa kijivu, mi nikadhani ni jivu la jiko la mkaa, nikatupa 🙈

Hidaya_Hamburg
😂😂 kopo la vumbi ndo hilo, lina hela yake hilo.

Sukari yote hiyo acha kuanzia leo, karanga nazo acha, mafuta. Chakula chake ni nyasi kavu, zile za timothi, zisikatike kizimbani usiku na mchana, halafu peleti za kawaida, vile vipande vidogo vya chakula kilichoshindiliwa, kijiko kimoja cha chakula au viwili, zile zisizochanganywa na mbegu na vitu vya rangirangi. Meno yake hayaachi kuota mpaka siku ya kufa, ya mbele na ya magego yote, na kinachoyasaga ni ule utafunaji wa nyasi masaa kwa masaa. Aliyeshiba zabibu hatafuni nyasi, magego yanarefuka yanamchoma ulimi, utamuona kidevu kimelowa mate. Mwambie daktari aangalie hadi magego, asiishie ya mbele.

Wanjiku254
Niko Minnesota, yetu tulikuwa nayo kabla kijana aende college. Naongeza tu kitu moja, msimshike kwa manyoya ama mkia. Akishtuka anaachilia manyoya unabaki na nyoya mkononi, yeye ameenda. Binti wangu alilia akidhani ameua mnyama. Inachukua miezi kadhaa kurudi. Mshike chini ya kifua na matako, karibu na mwili wako, na watoto wakae chini sakafuni wakimshika, kwa sababu akiruka toka kwa mikono ya mtu mzima mfupa wa mguu huvunjika kama kijiti. Pia kama kizimba kina vitu za plastiki toa zote, hula hizo, zinafunga tumbo.

Chuma_Mbezi
Wakuu mmenitia hamu, huyu mnyama anapatikana Bongo? Nataka nimchukulie mwanangu, tuko Mbezi.

Hidaya_Hamburg
Chuma kwa heshima zote, usifanye hivyo. Dar ni joto na unyevu vyote kwa pamoja, manyoya yale hayakauki na yeye hapumui, itabidi umuwashie AC masaa 24 miaka 15, maana wanafika 15 na wengine 20, na umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa pili unazika. Mchukulie sungura. Kwanza hawa walishawindwa kwa ajili ya makoti mpaka porini wakakaribia kuisha, wanaofugwa wengi ni uzao wa wachache ambao Mmarekani mmoja mhandisi wa migodi, Mathias Chapman, aliwapeleka California mwaka 1923. Inasemekana njiani aliwawekea barafu wasife na joto. Barafu, Chuma. Na alikuwa anawatoa milimani, sio Mbezi.

Chuma_Mbezi
Haya nimenyoosha mikono 😅

BabaRukia
Dada mi naomba radhi kwa ushauri wa jana, sikujua. Tupe habari za Moshi.

MamaZuu
Wapendwa nimerudi, samahani sijalala vizuri siku mbili. Daktari kasema utumbo ulikuwa umekaribia kusimama, joto, mshtuko wa maji na zabibu za Zuu vyote kwa pamoja. Meno kayapiga picha, yako sawa. Kapewa sindano ya maji chini ya ngozi na dawa ya maumivu, mimi nikapewa unga wa nyasi nakoroga kama uji mwepesi namlisha kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo kila baada ya masaa manne, mchana na usiku. Bili nisiitaje, mume wangu anasoma humu. Niwe namtia kwenye mzani wa jikoni kila asubuhi, jana gramu 488, leo 491.

Usiku wa kwanza alinitemea uji wote usoni. Usiku wa jana saa tisa nimekaa sakafuni na taulo, nikasikia krr krr krr, nageuka namkuta kashika unyasi kwa mikono miwili kama mtu anayekula muhindi. Nikamuamsha Zuu aje aone. Asubuhi tumehesabu vinyesi kumi na saba, vimenenepa, Zuu kavipanga mstari kwenye tishu kavipiga picha.

Mama kapiga simu sasa hivi toka Tanga, hata salamu hajamaliza, anauliza buku ameshakunya?