Naombeni maneno ya faraja, siwezi tena kuomba

Mama_Walukuba
Bwana asifiwe wapendwa. Niko Jinja, nauza mitumba sokoni, mume ni dereva huko Juba na hutuma pesa akipata. Binti yangu wa miaka minne ana selimundu, hii tunayoiita sikoseli. Mwezi huu maumivu yamemkamata mara mbili, mikono na miguu, analia mpaka sauti inakauka. Nimeokoka tangu 2011, lakini sasa nikipiga magoti maneno hayatoki. Nakaa tu kando ya kitanda nimemshika mguu. Naombeni mistari ya faraja, na mnieleze ninyi mlirudije kwenye maombi mlipokwama. Matusi sitaki.

Shangazi_Tororo
Pole sana mwanangu. Soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haleluya hakuna. Nilipomzika mzee wangu watu waliniletea mistari ya ushindi mpaka nikaikimbia. Hiyo ndiyo iliyonipa ruhusa ya kulia mbele za Mungu. Kumshika mtoto mguu nako ni kuomba.

Dereva_wa_Malaba
Dada, 2020 wakati wa korona tulikwama na malori pale mpakani Malaba, foleni haioni mwisho, tunasubiri majibu ya vipimo. Nililala kwenye kabini siku nne, unga umeisha. Jioni moja mwenzetu mmoja akaanzisha pambio, mpaka Waislamu wakapiga makofi. Usiku ule nililala vizuri. Ila huyo mume arudi. Pesa ya Juba haimbembelezi mtoto.

Mlokole_Halisi
Funga siku tatu kavu. Chunguza nyumba yako kama kuna dhambi iliyofichwa. Ugonjwa hauji bure.

Nesi_Mstaafu
Mama, mara mbili ndani ya mwezi mmoja? Kuna kitu kimebadilika. Anatumia dawa gani?

Mama_Walukuba
Maji anakunywa ya kutosha, analala kwenye neti, sweta havui. Asante Shangazi, nimeisoma nikalia. Mlokole, nimeshachunguza mpaka nimechoka.

Nesi_Mstaafu
Maji nimesikia, neti nimesikia. Dawa sijasikia.

Mama_Walukuba
Sawa. Nimezisimamisha, hii ni wiki ya tatu. Kwenye kesha mtumishi alisema huwezi kushika Yesu kwa mkono mmoja na vidonge kwa mwingine. Mama mmoja akashuhudia kuwa mwanawe alipona baada ya kuacha dawa. Sijazitupa, nimezifungia kwenye sanduku. Niliweka nadhiri mpaka mwisho wa mwezi, zimebaki siku tisa. Nikivunja leo si nitakuwa nimeanguka mlangoni pa muujiza? Msinihukumu, mimi ndiye ninayekesha naye.

Kijana_wa_Bombo
Naomba kuuliza, huyo mtumishi anavaa miwani?

Dereva_wa_Malaba
Hahaha! Wa kwetu anavaa, na gari lake analipeleka kwa fundi.

Mlokole_Halisi
Msimcheke mtumishi wa Mungu. Nadhiri ni nadhiri.

Mpita_Njia
Jamani, hii ni chai. Nimefukua nyuzi zake za zamani. Mwaka jana jina hilihili liliomba ushauri kuhusu mtoto wa KIUME mwenye sikoseli, miaka saba, darasa la pili. Leo ni binti wa miaka minne. Subirini, kesho ataweka namba ya kutumiwa pesa.

Kijana_wa_Bombo
Ee! Nimeona. Basi tumepigwa.

Dereva_wa_Malaba
Na mimi nimemwaga mambo yangu yote hapa. Mama, jibu hilo.

Mama_Walukuba
Sijaomba hata shilingi moja. Yule wa kiume ni kaka yake. Alifariki Februari, hospitalini, dripu ikiwa mkononi. Dawa zake hakuruka hata siku moja. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kumpa na uji, kabla ya shule. Sikutaka kuandika hapa kwa sababu nikiandika ndiyo inakuwa kweli. Sasa niambieni, zile dawa zilifanya nini?

Mpita_Njia
Mama, nisamehe. Nilikosea sana.

Nesi_Mstaafu
Pole mama. Sitakudanganya kwamba vidonge hivyo vinaponya sikoseli. Vinampunguzia hatari. Penisilini inazuia vijidudu vinavyoua watoto wa umri huu upesi, foliki inasaidia damu, kinga ya malaria unajua kazi yake. Mwanao alifika darasa la pili akicheza na wenzake. Miaka ile dawa zilimsaidia kuifikia, wewe ukiamka alfajiri. Na ya Mlokole hapo juu sikubali: wazazi wote wawili wakibeba chembe ya urithi ya sikoseli, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa huo. Damu haijui dhambi ya mtu.

Mlokole_Halisi
La dhambi nalifuta. Hata Luka alikuwa tabibu. Lakini nadhiri...

Shangazi_Tororo
Acha kwanza, mwanangu. Mimi nimetembea kwa miguu kutoka huku Tororo mpaka Namugongo mara tatu. Tunaenda kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, vijana waliochomwa moto kwa imani yao tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake. Waliomba, na moto haukuzimika. Sijasikia padri wala mchungaji akisimama pale akasema wamekosa imani. Basi na kijana wako asiambiwe hivyo, wala wewe. Hiyo nadhiri umeiweka juu ya mwili wa mtoto asiyejua hata maana yake. Mrudishie Mungu, umwambie umechoka. Yeye si mkopeshaji wa sokoni.

Mama_Walukuba
Nimefungua sanduku. Ile chupa ya kaka yake nayo imo, ina vidonge sita. Nilikuwa nimesahau.
Nesi, nianze zote leo? Ana joto kidogo tangu magharibi. Kipimajoto kinasema 38.6.

Nesi_Mstaafu
Hapana, usitulie kupanga dozi. Mtoto wa sikoseli mwenye joto hilo halali nyumbani. Nenda hospitali SASA, usingoje kupambazuke. Beba dawa zote na kitabu chake cha kliniki. Ukifika sema mapema kwamba ana sikoseli, na sema ukweli kuhusu zile wiki tatu. Usione aibu.

Dereva_wa_Malaba
Una usafiri?

Mama_Walukuba
Jirani ana bodaboda, anavaa koti. Mtoto nimemfunga mgongoni na leso mbili. Shangazi, bado maneno hayatoki.

Shangazi_Tororo
Panda, mwanangu. Maneno tunayo huku. Binti anaitwa nani kwa jina la ubatizo? Niandikie nikianza.

Mama_Walukuba
Neema.