Berlin: ilikuwa halali kubomoa jumba la wakomunisti ili kasri la wafalme lirudi?

Fundi Chokaa: Wakuu, nimepita Berlin, pale kisiwani katikati ya mji. Kasri la wafalme wa Prusia, pande tatu nakshi na tai wa mawe. Zunguka upande wa mto Spree: ukuta mtupu, madirisha ya mraba kama hosteli. Kumbe lote limekamilika 2020! La asili liliungua kwa mabomu ya vita, Ujerumani Mashariki wakalilipua 1950, wakaja kujenga jumba lao, Palast der Republik, ikafunguliwa 1976. Nayo ikabomolewa kuanzia 2006, ndipo kasri likarudi kwa euro kama milioni 680. Je, ni haki?

Mkazi wa Moabit: Hosteli? Ule ukuta ni wa Franco Stella, msanifu Mwitaliano. Kauacha hivyo makusudi.

Fundi Chokaa: Nimezeekea saiti, bwana mdogo. Usinifundishe ukuta.

Mama Tausi: Palast ilijaa asbesto, ikafungwa 1990. Mlitaka watu wapate saratani?

Kidume cha Ubungo: Asbesto walishaitoa kabla ya kubomoa, dada. Mle kulikuwa na bunge, mikahawa, hadi mchezo wa boling. Wananchi walifungia harusi zao humo au la, sijui, ila ilikuwa yao. Walioshinda wakafuta kumbukumbu za walioshindwa.

Sauti ya Lindi: Mnagombea zege, na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi, yumo humohumo kasrini!

Mkazi wa Moabit: Hayumo. Yuko makumbusho ya viumbe, Invalidenstraße. Kasrini nako sasa ni makumbusho, wameweka vitu vya makabila.

Sauti ya Lindi: "Vitu vya makabila"! Babu yangu akichonga mti ni kabila, wao wakichonga tai ni usanifu?

Mkazi wa Moabit: Usinilishe maneno.

Sauti ya Lindi: Umeyaandika mwenyewe hapo juu, panda ukasome.

Mpita Njia: Mjusi anapita mita 13 kwenda juu. Akirudi mtamlaza stendi?

Sauti ya Lindi: Watu wetu walibeba mifupa vichwani hadi bandarini, 1909 hadi 1913. Wao walipata pa kumweka, sisi tukose?

Kidume cha Ubungo: Na msalaba juu ya kuba? Nyumba ya tamaduni zote za dunia, halafu maandishi ya kwenye kuba yanataka kila goti lipigwe kwa jina la Yesu!

Mama Tausi: Msalaba umekukosea nini wewe?

Kidume cha Ubungo: Haujanikosea, mama. Nauliza umefuata nini pale.

Fundi Chokaa: Jamani, niliuliza kuhusu kubomoa.

Sauti ya Lindi: Subiri kwanza. Wanaijeria 2022 walikabidhiwa na Wajerumani umiliki wa shaba zao za Benin, zile sanamu zilizoporwa kwenye ufalme wao wa kale. Sisi tunaongelea madirisha.

Mpita Njia: Umiliki, ndiyo. Nyingine bado ziko hapohapo kasrini kwa mkopo. Umesoma habari nusu.

Sauti ya Lindi: Nusu yao ni kubwa kuliko sifuri yetu. Na wewe umelipwa na nani?