Nafungua kinywa vizuri ila saa nne mwili unaisha nguvu, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, mimi nabeba zege, asubuhi nakunywa chai ya rangi sukari ya kutosha na maandazi matatu, sasa ikifika saa nne mikono inatetemeka, jasho la baridi linanitoka, mpaka ndoo inanishinda. Nimepima sukari kabla ya kula ikasoma 5.1, nesi akasema iko poa. Ninavyojua wanga unageuka glukosi (sukari ya kwenye damu) haraka, homoni ya insulini inaiingiza kwenye seli, nyingine inawekwa akiba kwenye ini na misuli, sasa akiba yangu inaenda wapi jamani? Gramu ya wanga inatoa kalori 4, mafuta 9, je nikiongeza maharage na karanga nitafika saa saba? Waliopitia kazi ngumu nisaidieni, nina watoto wawili wananitegemea.