Negativu za rangi zikigeuzwa, nyuso zinatoka buluu: zimeharibika?

Mkazi wa Kirumba:
Habari za jioni, wakuu. Marehemu baba, aliyekuwa mpiga picha hapa Mwanza, ametuachia kopo la biskuti lililojaa negativu za milimita 35, nyingine za rangi na nyingine nyeusi na nyeupe: harusi, wachuuzi wa samaki, na Jiwe la Bismarck likiwa limezungukwa na maji. Nimeazima skana yenye taa kwenye mfuniko, lakini kila ninapogeuza negativu ya rangi kuwa picha ya kawaida kwenye kompyuta, maharusi wanatoka buluu. Zile nyeusi na nyeupe, ingawa nimewasha kiondoa vumbi cha skana, zinatoka na mabaka kwenye nyuso. Je, zimeharibika?

Fundi Mstaafu:
Ndugu, usizitupe. Filamu ya rangi inayosafishwa kwa dawa za C-41 ina rangi ya chungwa iliyowekwa makusudi na watengenezaji ili kufidia kasoro za rangi zake wakati wa kuchapisha kwenye karatasi, na ukiigeuza, chungwa hiyo ndiyo inayokuwa buluu. Zima marekebisho yote ya skana yenyewe, skani kwa biti 16 kwa kila chaneli (yaani kila rangi ya msingi), uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, kisha urekebishe nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Mwongozo wako ni ule ukanda mtupu kati ya picha na picha: ukishageuza, hapo panapaswa kuwa peusi pasipoegemea rangi yoyote.

Mabaka nayo yanatokana na hicho kiondoa vumbi, ambacho hutumia miale ya infraredi. Miale hiyo hupenya filamu ya rangi, lakini fedha iliyomo kwenye filamu nyeusi na nyeupe huizuia, hivyo skana hudhani uso wa bibi harusi ni vumbi. Kizime.

Dada wa Nyegezi:
Nakubaliana na Fundi, ila kopo hilo linanitia wasiwasi kuliko buluu. Kwa unyevu wetu huu wa ziwani ukungu hupenda sana gelatini ya filamu, yaani utando unaobeba picha, kwa hiyo kaka, usizifute kwa maji wala kitambaa chenye unyevu, kwani gelatini iliyoliwa na ukungu huweza kuyeyuka na kuondoka na picha. Tumia kipulizio cha mkono, na madoa yatakayobaki uyazibe kwenye kompyuta. Dpi 2400 (nukta kwa kila inchi) zinakutosha. Fremu moja itakupa takriban pikseli 3,400 kwa 2,270.

Mkazi wa Kirumba:
Nashukuruni sana. Jana usiku nimerekebisha fremu moja ya harusi kwa kufuata ule ukanda mtupu, na gauni la shangazi, ambalo miaka yote tuliambiwa lilikuwa jeupe, limetoka la manjano hafifu. Nilidhani nimekosea tena, hadi nilipompigia simu akacheka na kusema kwamba hivyo ndivyo lilivyokuwa.