Naomba ushauri: zeolaiti A ya udongo wa Pugu, kilele cha NMR kimenikwamisha

MfinyanziPugu
Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili wa kemia. Natengeneza zeolaiti A (madini ya silikoni, alumini na oksijeni yenye vitundu vidogo sana) kwa udongo mweupe wa Pugu: nauchoma kwenye nyuzi 700 upate kuwa metakaolini, kisha naupika na kostiki soda kwenye nyuzi 90. Lengo langu ni kulainisha maji magumu ya visima.

Sampuli nne zilipelekwa nje kupimwa NMR ya yabisi (kipimo cha sumaku ambacho mahali pa kilele, kwa ppm, panaonyesha atomu imezungukwa na nini) na majibu yamerudi. Kwenye silikoni-29 (aina ya silikoni inayoonekana kwa NMR) nina kilele kimoja chembamba, -89.5 ppm, na ubavuni mwake kijinundu kwenye -85. Jedwali nililonalo linasema -84 ni silikoni yenye majirani wanne wa alumini, -89 watatu, -95 wawili, -100 mmoja, -105 hana hata mmoja. Nikasoma "watatu", na hesabu ikanipa uwiano wa silikoni kwa alumini wa 1.33. Zeolaiti A inatakiwa iwe 1! Kipimo cha elementi nacho kinasema 1.02. Je, -85 ndiyo zeolaiti yenyewe na hiyo -89.5 ni uchafu? Sura ya matokeo inatakiwa Ijumaa na sijalala vizuri siku tatu.

Kizungushi
Mkuu, sampuli yako ni nzima. Jedwali hilo ni la fojasaiti, zeolaiti ya aina nyingine, wewe umelivalisha zeolaiti A.

Idadi ya majirani haiamui peke yake kilele kikae wapi. Pembe ya silikoni-oksijeni-alumini nayo inavuta. Kwenye A pembe hiyo kwa wastani ni pana zaidi, karibu nyuzi 148, kwa hiyo kilele cha majirani wanne kinasogea hadi kwenye -89 na kuangukia pale pale ambapo fojasaiti inaweka watatu.

Na usijione mjinga, mwanzoni mwa miaka ya 1980 jambo hili liliwagonganisha wataalamu wenyewe. Kundi la Lippmaa kule Tallinn ndilo lililofungua njia ya kusoma silikate (madini ya silikoni na oksijeni) kwa silikoni-29, na namba zile za mwanzo zilipowekwa juu ya zeolaiti A ikaonekana kila silikoni ina alumini tatu na silikoni moja. Sasa chukua kalamu uchore. Uwiano ukiwa 1 na kila silikoni imeshikana na silikoni mwenzake mara moja, basi kila alumini nayo italazimika kushikana na alumini mwenzake. Kanuni ya Loewenstein ya 1954 inakataza hilo, na watu walifika mahali pa kuitilia shaka kanuni yenyewe! Kilichomaliza ubishi ni ZK-4, zeolaiti yenye mifupa ile ile ya A ila silikoni imezidi. Ilitoa vilele vitano vikianzia -89, na hicho cha kwanza ndicho cha majirani wanne. Kwa hiyo kwako ni wanne, na uwiano ni 1.

BintiMaabara
Naongezea kuhusu -85. Mimi nadhani ni sodalaiti, madini mengine ya silikoni na alumini. Ukipika muda mrefu au kostiki ikiwa kali mno, A inaanza kugeuka sodalaiti. Tazama mchoro wako wa eksirei: A ina mistari ya nyuzi 7.2 na 10.2, sodalaiti itajionyesha kwenye 14.1 na 24.5. Ulipika saa ngapi?

Waulize pia waliopima walisubiri sekunde ngapi kati ya mpigo na mpigo. Silikoni-29 inapoa polepole sana, na wakiharakisha, ukubwa wa vilele unadanganya. Kama walihamisha nguvu kutoka kwa haidrojeni, basi usihesabu uwiano kwa vilele hivyo kabisa. Alumini-27 inasemaje?

MfinyanziPugu
Dada, ahsante sana. Walisubiri sekunde 60, mpigo wa moja kwa moja. Alumini ina kilele cha 59, na kwenye 0 hakuna kitu. Ila sampuli namba 2 ina kilima kipana karibu na 30.

BintiMaabara
59 ni alumini iliyoingia kwenye mifupa, safi kabisa. Hicho kilima cha 30 ni alumini yenye oksijeni tano, yaani metakaolini ambayo haijaliwa. Namba 2 uliipika muda mfupi, siyo?

MfinyanziPugu
Saa 2 tu! Na yenye kijinundu cha -85 ilikaa saa 24. Nimefungua mchoro wake wa eksirei sasa hivi, kamstari ka 14.1 kapo, kadogo, siku zote nilikuwa nakaona kama kelele za mashine. Zile za saa 4 na saa 8 hazina. Kesho asubuhi naweka chupa tatu kwenye oveni, saa 4, 5 na 6.

Kizungushi
Pima na kalisi inayobaki kwenye maji kwa kila moja, mkuu. Utuletee namba hapa.