Kozi fupi ya utangazaji Julai hii Arusha: niangalie nini kabla ya kulipa ada?

Mkiusa_Moshi
Habari za baridi wakuu. Nimemaliza kidato cha nne, nina D nne zisizo za dini. Vyuo viwili Arusha vinatangaza kozi ya wiki nne ya habari na utangazaji, kimoja asubuhi tu, kingine siku nzima. Cheti chake kinanifikisha wapi? Na nitajuaje kama kuna mafunzo ya kweli? Kifaa nilicho nacho ni simu tu.

Kaloleni_Juu
Mdogo wangu, anza na cheti, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza hela.

NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, inahesabu krediti 1 kwa saa 10 za kujifunza, na ngazi ya NTA 4, yaani cheti cha awali cha mwaka mmoja, inadai krediti 120. Sasa piga hesabu. Kozi ya siku nzima, saa 6 kwa siku 20, ni saa 120, yaani kazi ya krediti 12, sehemu ya kumi tu ya mwaka huo. Ile ya asubuhi, saa 3 kwa siku, ni nusu ya hapo. Na hata hizo 12 hazikupi ngazi yoyote, kwa sababu cheti cha kozi fupi kinathibitisha kwamba ulihudhuria, basi. Ithibati ya uandishi wa habari, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka kuanzia stashahada. Chuo kikikuahidi ithibati kwa wiki nne, usilipe.

D nne zako zinatosha kuomba NTA 4. Itumie Julai kujipima kama kazi hii unaiweza, huku ukiandaa maombi. Hakikisha pia kwamba chuo kimesajiliwa kwa fani ya habari yenyewe, kwani chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa utalii au kompyuta, kisha kikafungua darasa la utangazaji pembeni.

Fundi_Mitambo
Kuhusu mafunzo ya kweli, omba ratiba iliyoandikwa, kisha uliza: wanafunzi wangapi kwa rekoda moja? Kila mmoja anakabidhi kazi ngapi zilizohaririwa? Nani anazisikiliza na kuzirudisha na maoni? Wakizidi wanne kwa rekoda, wawili watajifunza na waliobaki watatazama.

Simu inatosha kuanzia. Weka programu ya kurekodi inayotoa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48,000 Hz, biti 16, mono. Hiyo inakula takribani MB 5.8 kwa dakika, saa nzima kama MB 346, kwa hiyo futa video zako kwanza. Weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode), maana ikiita katikati ya mahojiano rekodi inaweza kukatika. Shika simu, upande wenye maiki, shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapuliza. Kwenye kipimo cha programu, kilele cha sauti kiwe kati ya -12 na -6 dB. Ikigonga 0 inapasuka, na iliyopasuka ni vigumu kuitengeneza. Ukimaliza, nyamaza sekunde 30 ukirekodi ukimya wa mahali hapo, ndio utakaozibia viraka wakati wa kuhariri.

Msimu huu una adui wake: koti la nailoni. Ukimbania mhojiwa maiki ndogo ya waya kwenye kola ya koti hilo, kila anapovuta pumzi unasikia kama mfuko wa karanga unakunjwa. Mwombe afungue zipu, ubane kwenye shati au sweta la ndani, na ukunje waya kitanzi kimoja chini ya kibanio. Manyunyu yakianza, toka chini ya bati. Ukijaribu kuondoa kelele ya mvua ya bati kwa programu, sauti ya mtu nayo inabaki kama ya ndani ya pipa.

Kosa jingine la wiki ya kwanza ni kukabidhi faili la mradi la Audacity, programu ya kuhariri sauti. Studio inahitaji WAV uliyoitoa humo.

Mkiusa_Moshi
Shukrani sana, wakubwa. Na upande wa kuandika taarifa yenyewe?

Dawati_la_Habari
Huko ndiko kozi fupi nyingi zinapitia juujuu, na ndiko kazi ilipo.

Jihadhari na "imeelezwa kuwa". Nani ameeleza? Msikilizaji wa Mbuyuni anataka kujua kama ni mwenyekiti wa soko au mpita njia. Anza na mtu: "Mwenyekiti wa soko amesema..." La pili ni "ambapo". Ukiona imeunga sentensi tatu, weka nukta. Hii hapa: "Bei ya ndizi imepanda ambapo wafanyabiashara wamelalamika ambapo wameiomba halmashauri..." Mtangazaji anaishiwa pumzi, msikilizaji ameshasahau ndizi. Igawe: "Bei ya ndizi imepanda. Wafanyabiashara wanalalamika. Wanaiomba halmashauri..."

Namba ziandike kwa maneno, "shilingi elfu kumi na mbili", ulimi usikwame hewani. Saa iwe ya Kiswahili, saa mbili usiku, hata kama barua ya mwaliko imeandika 20:00. Kisha soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi, uhesabu maneno unayosoma kwa dakika moja bila kukimbia. Idadi hiyo iandike juu ya daftari. Ukiambiwa taarifa ya sekunde 40, chukua theluthi mbili ya idadi hiyo na usizidishe hata neno.